Jiwe la Kora, pasi ya Ifo

Picha ya kwanza ambayo rafiki yangu wa Ifo alinitumia ilikuwa ya korongo. Kuta nyekundu zimesimama pande zote mbili, mwanga wa jioni umeingia kwa pembe, chini kuna njia nyembamba ya mchanga inayopinda na kupotea kizani. Nikamwandikia: warya, ulifika Arizona lini? Akanitumia sauti, anacheka tu, nusu dakika nzima. Halafu akatuma picha ya pili. Sehemu ni ileile, ila sasa ameweka ndara yake katikati. Korongo lote lilikuwa linafika kwa kifundo cha mguu. Mvua ilichimba mfereji kando ya njia ya bloku yao, yeye akalala kifudifudi na simu yenye kioo kilichopasuka, akasubiri jua lishuke. Basi.

Ana nyingine za aina hiyo. Vichuguu vya mchwa alivyovipiga kutoka chini mpaka ukaapa ni minara ya mawe. Kokoto tatu kwenye karai la maji zikawa visiwa. Nilidhani ni ujanja wa kutafuta likes, si unajua sisi. Mpaka siku moja nikamuuliza mbona asipige mlima wa ukweli, akanijibu kama mtu anayejibu saa ngapi: "Walaal, sijawahi kuona mlima."

Ana miaka 24. Alizaliwa Ifo, akasoma Ifo, KCPE na KCSE akafanyia hukohuko. Ifo ni tambarare. Nikisema tambarare nataka unielewe: unasimama juu ya gari na unachoona ni migunga, mathenge, mchanga mwekundu, matangi ya maji na mbingu. Kwa Kisomali anajua kusema buur, neno la mlima. Anajua tu neno.

Mimi ni wa Garissa mjini, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Dadaab, na nina kitambulisho cha taifa. Hiyo kadi ndiyo tofauti kati yetu, na ndiyo sababu ninaandika hii.

Mwaka jana tulipanga safari. Land Cruiser ya abti yangu, watu wanne, kamera mbili za kuazima, na ramani ya mawe. Kutoka Garissa tungerudi na ile barabara ya Nairobi mpaka Ukasi, ambako kuna kilima cha mwamba mtupu karibu na lami, tufike Mwingi, tukate kulia kuelekea Kyuso na Tseikuru, halafu tuingie Kora. Kora ni mbuga iliyo kando ya mto Tana, imejaa miamba mikubwa ya mviringo inayochomoza peke yake kutoka kichakani. Kutoka Ifo mpaka Kora kwa mstari ulionyooka ni chini ya kilomita 200. Rafiki yangu alikuwa mtu wa nne.

Lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali, ile karatasi watu wa huko wanaiita pasi. Kuna sababu zinazoeleweka: hospitali, shule, usaili. Jamaa alijaza fomu, na pale kwa sababu ya safari akaandika ukweli, "kupiga picha mawe." Nilimwambia aandike masomo. Akakataa, akasema si uongo tena wa kuongeza kwa uongo. Tulisubiri wiki mbili. Jibu halikuja, hata la hapana. Tukaenda watatu.

Sasa hapa ndipo wengi mnasema, ah, hiyo ni mambo ya wakimbizi, na ya usalama, inatuhusu nini. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu pasi hii haikuanza na wakimbizi. Ilianza na babu yangu.

Mwaka 1902 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni. Ilisema eneo likitangazwa kufungwa, hakuna wa kuingia wala kutoka bila ruhusa ya maandishi. Kaskazini yote, ile waliyoiita NFD, ikaangukia humo. Mwaka 1934 wakaongeza sheria nyingine ya wilaya maalum, ikawapa maafisa nguvu ya kukamata, kufungia watu na kuamua nani alishe mifugo wapi. Waingereza hawakutaka mali kule, walitaka nafasi tupu kati yao na Wahabeshi na Waitaliano. Ndiyo, nafasi tupu. Watu walikuwepo, ngamia walikuwepo, visima vilikuwa na wenyewe kwa majina. Lakini kwenye ramani ya ofisi eneo lilikuwa tupu, na sheria ikafanya kazi ya kulifanya libaki hivyo.

Babu alikuwa akiuza mbuzi. Alikuwa akihadithia jinsi walivyosubiri karatasi siku nyingi ili wavuke na mifugo wiki moja. Na mpaka leo kuna wazee Garissa ambao wakivuka daraja la Tana kwenda Nairobi wanasema wanaenda Kenya. Tulikuwa tukiwacheka tukiwa watoto.

Uhuru ulipokaribia, tume ilizunguka NFD mwaka 1962 kuuliza watu wanataka nini, ikakuta wengi wanataka kujiunga na Somalia. London ikaamua vingine, na 1963 tukawa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Desemba hiyohiyo, bendera bado mpya, serikali ya Kenya ikatangaza hali ya hatari kwetu. Vita vya shifta vilienda mpaka 1967: mifugo ikachukuliwa, watu wa kuhamahama wakakusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya kipindi hicho. Vita viliisha lakini nguvu za hali ya hatari hazikuisha. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi hapa Garissa ulichomwa, watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Sisi tunaita Garissa Gubay, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari zake kwenye ripoti ya 2013. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali wakapangwa foleni kuchujwa, na waliopita wakapewa kadi ya waridi ya kubeba juu ya kitambulisho. Hebu fikiria, kitambulisho cha kuthibitisha kitambulisho.

Nguvu zile za hali ya hatari ziliondolewa mwaka 1991. Miaka 28 baada ya Uhuru.

Mwaka huohuo wa 1991, Januari, Siad Barre aling'olewa Mogadishu, Somalia ikavunjika, watu wakavuka mpaka. Kambi ya kwanza ya Dadaab iliyofunguliwa kuwapokea ilikuwa Ifo. Dagahaley na Hagadera zilifuata 1992. Zote tatu zilipangwa kwa watu 90,000. Kufikia 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Kubaki kambini kulianza kama sera, kisha sheria ya wakimbizi ya 2006 ikafanya kuwa kosa kuishi nje ya eneo ulilotengewa bila ruhusa. Sheria mpya ya 2021 imeahidi mambo mengi mazuri, na Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya kawaida. Lakini sisi tulipokuwa tunapanga safari, fomu ilikuwa ni ileile.

Kwa hivyo mwaka ambao babu yangu alitolewa kwenye karatasi, mtu mwingine aliingizwa, kwenye ardhi ileile. Mimi sioni hadithi mbili hapo. Naona daftari moja, wamebadilisha majina tu.

Na hiyo karatasi iliamua pia nani apige picha. Hii ndiyo sehemu inayoniuma kama mtu wa kamera. Ukitafuta picha za zamani za kaskazini utakuta za maafisa, wanajeshi na mabwana nyama, kwa sababu hao ndio walioruhusiwa kuzunguka. George Adamson alianza kazi ya kulinda wanyama NFD mwaka 1938. Alizunguka nchi ambayo babu yangu alihitaji kibali kuikanyaga. Simba Elsa akamfanya yeye na mkewe Joy wajulikane dunia nzima, na 1970 mzee akahamia Kora na simba zake, akajenga kambi chini ya miamba, akaiita Kampi ya Simba.

Na hapa kuna kitu ambacho pengine umekiona bila kujua. Ile video ya vijana wawili wa Australia waliomnunua simba kwenye duka kubwa la London, wakamleta Kenya, halafu simba anawatambua na kuwakumbatia? Anaitwa Christian. Ilipigwa 1971, ikazagaa intaneti mwaka 2008 hivi, na watu mamilioni wakalia. Ilipigwa Kora. Christian anashuka kutoka kwenye mawe ya Kora. Dunia nzima imeona miamba ile, isipokuwa rafiki yangu anayekaa jirani.

Sina ubaya na mzee Adamson. Aliuawa na majambazi Agosti 20, 1989, akiwa na miaka 83, hukohuko Kora, na aliyekufa akiwa njiani kuokoa watu namheshimu. Ninachosema ni kwamba kwenye hadithi zile, wenyeji wanaingia fremu wakiwa wametajwa kama tishio, ama hawaingii kabisa. Waorma, Wapokomo, Wakamba, Wasomali, wote wana historia na ule mto. Kwenye filamu unaona mawe, simba na mzee mwenye ndevu nyeupe.

Baadaye ikaja picha ya njaa. Oktoba 1984 Mohamed Amin, Mkenya mwenzetu, alipiga filamu kule Korem, Ethiopia, ikabadilisha jinsi dunia ilivyotoa misaada. Kazi kubwa, iliokoa maisha. Lakini pia ilikuwa kama imeacha kiolezo: ukienda kaskazini na kamera, unatafuta mtoto, mchanga na mbingu. Mwaka 2011 ukame ulipopiga, njaa ikatangazwa kusini mwa Somalia na watu wakamiminika Ifo, wapiga picha walifika na kiolezo hicho begani. Rafiki yangu alikuwa na miaka kumi. Anakumbuka mmoja akimwashiria kwa mkono asogee pembeni, ili kwenye fremu abaki mtoto mmoja tu, mdogo zaidi. Nyuma yake palikuwa na duka, punda na mnara wa simu. Navyo vilikatwa.

Haya, safari. Sitaandika kila kituo. Kwenye kizuizi kimoja tulishushwa sisi wawili wenye sura za Kisomali tukaulizwa maswali robo saa, na yule wa tatu, Mkamba, akabaki ndani ya gari akila mahindi. Ukasi tulipanda, tukapiga, poa. Baada ya Tseikuru njia inakula gari, abti asisome hapa.

Kora sasa. Hakuna anayekuandaa. Unaendesha kichakani saa nzima, miba inakwaruza milango, halafu ghafla mbele yako kuna jiwe moja, halina kamba wala daraja, limekaa tu kama ngamia aliyelala. Kisha lingine. Rangi si nyekundu kama za Arizona. Ni kijivu chenye uwaridi ndani yake, na michirizi myeusi pale maji ya mvua hupita. Askari wa wanyamapori aliyekuwa nasi alituonyesha jinsi jiwe linavyojimenya: joto la mchana, baridi ya usiku, maji yakiingia kwenye nyufa, ganda la juu linaachana na kuteleza, kama kitunguu. Ndio maana yana umbo la mviringo. Pimbi wanakaa kwenye hizo nyufa, wanakuangalia kama wenye nyumba.

Mawe haya ni ya zamani sana, zaidi ya miaka milioni 500. Yalikuwa chini ya ardhi, udongo na mawe laini ya juu yakaliwa na mvua na upepo, magumu yakabaki. Wanasayansi huyaita milima-visiwa, na ukiyaona asubuhi kichaka kikiwa na ukungu unaelewa kwa nini. Na Ifo je? Nilidhani Ifo haina mawe. Kumbe inayo, yamezikwa. Ule upande wa mashariki ardhi ilizama zamani, ikajazwa mchanga na matope tabaka juu ya tabaka, na ndani ya tabaka hizo kuna maji, yale ya hifadhi ya Merti, ambayo Dadaab yote inayanywa kutoka visima vya zaidi ya mita 100. Mchanga uliomnyima rafiki yangu mlima ndio unaomnywesha.

Kupiga picha huko kuna shida moja, tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa, kivuli kinaingia chini ya kiatu, na jiwe la mita mia linaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Jioni mwanga mzuri upo, lakini ukiinama kubadilisha lenzi umeisha. Tulipata jioni mbili. Nilipiga picha 214. Nilipanda, nikalala, nikapiga makorongo madogo ya Tana pale maji yalipokata mwamba na kuuchimba mashimo ya duara, laini kama ndani ya chungu. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Pia nilikuwa na aibu kidogo, kila nikibonyeza.

Wiki iliyofuata nikaenda Ifo. Nina kibali cha kuingia kwa sababu ya mafunzo ya video ninayosaidia, na ndiyo, hata kuingia na kamera kuna karatasi yake. Tulikaa kwa hooyo, mama yake rafiki yangu, chai ya maziwa ya ngamia, laptopu juu ya jerikeni.

Jamaa aliangalia kimya. Picha ya arobaini akauliza, "Ni kubwa kiasi gani?" Nikaanza kueleza, kama matangi ya Ifo manne, matano, moja juu ya lingine. Akatikisa kichwa. "Hapana. Kwenye picha. Nitajuaje si kokoto kwenye karai?" Nikatafuta. Picha 214, na sikuwa nimeweka mtu hata mmoja. Nilikuwa nimewaambia wenzangu watoke kwenye fremu ili pawe safi. Mimi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, tokeni, mnaharibu.

Halafu hooyo akavuta laptopu kwake. Yeye ametoka upande wa Buurhakaba, kusini mwa Somalia, alifika Ifo 1992 kwa miguu na kwa lori, akiwa msichana, mwaka ule njaa na vita vilikuwa vimekutana kwao. Sikuwahi kuuliza kwao kunafananaje. Hata mwanawe hakuwahi. Kumbe mji wake una jiwe, jina lenyewe linaanza na buur. Kuna Buur Heybe pia si mbali, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamepata makaburi ya maelfu ya miaka chini ya mwamba. Ni mawe ya aina ileile ya Kora, yamechomoza peke yake kwenye nchi tambarare.

Aligusa kioo kwa kidole. "Haya ni ya kwetu," akasema. Mwanawe akamwambia hapana hooyo, hii ni Kenya. Hakumjibu. Akaniuliza mimi: "Maji yake yako upande gani?"

Sikuelewa. Akaeleza taratibu, kama unavyoeleza mtoto. Mvua ikipiga jiwe haiingii ardhini, inateremka. Kwa hiyo chini kabisa, pale jiwe linapokutana na udongo, ndipo watu huchimba. Mto unaweza kukauka, mguu wa jiwe bado una maji. Kila upande ulikuwa na wenyewe, na wasichana walijua kwa kuangalia michirizi myeusi ni wapi pa kupeleka mtungi. Yeye hakuwahi kuangalia kilele. Kilele cha nini?

Nikarudi kwenye picha zangu. Vilele, vilele, machweo, vilele. Miguu yote nimeikata. Tukapata moja tu, nimeipiga kupitia dirisha la gari likienda, imetikisika, kuna kioo kichafu na nusu ya kiwiko cha yule Mkamba. Chini ya jiwe kuna mstari mwembamba wa kijani. Hooyo akauona kabla yetu. "Hapo," akasema.

Hiyo ndiyo picha aliyotaka. Nikamtumia kwa simu yake, pamoja na kiwiko.

Juzi rafiki yangu amejaza fomu nyingine. Nilimuuliza safari hii ameandika nini kwa sababu ya safari. Ameandika, kupiga picha mawe. Ameniambia pia nisafishe lenzi, na kwamba atakuja na ndara.